Pima Nne na Shibiri

Mwaka 2016 nilimsindikiza bibi yangu, mzaa mama, kutoka Lamu hadi Unguja, kwenye harusi ya binti wa nduguye. Alikuwa na miaka sabini na ushei, huo ushei hakuna aliyeujua sawasawa, na hajawahi kupanda ndege maishani. Ingekuwa zamani tungepanda basi mpaka Mombasa na maneno yangeishia hapo. Lakini tangu mashambulizi ya 2014 kule Mpeketoni na Witu, mabasi ya Lamu yalikuwa yakisafiri kwa msafara, na polisi wa kuyasindikiza, na mama alikataa katakata mamake kupitishwa njia ile. Wajomba wakachanga. Tikiti akazikata kijana mmoja wa mtaani mwenye kompyuta, naye ndiye aliyetupanga: ndege ya kwanza inatua Mombasa saa tatu na nusu asubuhi, ya pili inaondoka saa kumi na moja na nusu jioni.

"Hapo katikati mtapumzika," akasema.

Saa nane za kupumzika. Mimi nilijitayarisha. Simu niliijaza mechi na sinema, nikachaji usiku kucha. Na kichwani nilikuwa na ratiba: tukifika tu, teksi hadi Mji wa Kale, kahawa chungu na kashata, nimwonyeshe Bibi Fort Jesus ambayo yeye aliiona mara ya mwisho akiwa msichana, viazi karai vya njiani, kisha turudi taratibu. Bibi naye alijitayarisha. Kwenye kikapu chake alitia mahamri, samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, tasbihi, na fungu la miyaa, majani ya kusukia mikeka, iliyokwisha kuchanwa, imeviringwa kwenye kitambaa kibichi isikauke.

Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, mizigo yetu ilisukumwa kwa mkokoteni hadi kwenye ndege. Bibi aliuangalia ule mkokoteni, akaiangalia ndege, akanong'ona kitu ambacho sikukisikia. Tangu tuliporuka hadi tulipotua tasbihi haikusimama mkononi mwake. Macho aliyafungua magurudumu yalipogusa lami ya Port Reitz, akauliza kama ndiyo basi. Ndiyo basi, nikamwambia. Chini ya saa nzima. Akaonekana kama mtu aliyepunjwa.

Tulipotoka upande wa ndege za ndani ndipo ratiba yangu ilipoanza kufa. Nilimtaja dereva wa teksi safari ya Mji wa Kale na kurudi, akanicheka bila ubaya. Barabara ya kuingia uwanjani ilikuwa ikichimbwa. Huko mbele malori ya bandarini yameshikana kutoka Changamwe hadi daraja la Makupa, na ukikwama pale Kibarani, ambapo wakati ule bado palikuwa jaa la taka, unavuta harufu mpaka ujute. "Kwenda nakupeleka," akasema, "lakini kurudi usinidai ahadi." Bibi alikuwa amesikia yote. Akasema yeye hakutoka kwao kuja kufukuzana na ndege.

Basi tukaingia kwenye jengo la safari za nje. Mlangoni pana mashine ya kukagua mizigo, na kikapu cha Bibi kilipopita, askari wa kike akakirudisha nyuma, akakipitisha tena. Akatoa kisu kidogo chenye mpini wa mti na shazia ndefu ya kushonea mikeka.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Kisu cha miyaa hicho, mwanangu. Hakikati hata tungule."

Askari akacheka, lakini kisu na shazia havikupita. Alimweleza kwa heshima kwamba ndivyo sheria ilivyo, na kwamba angevitia kwenye mzigo wa chini lau si kuwa mzigo wenyewe tulikuwa tumeshaufunga kwa kamba mafundo saba, na ndani yake mna ng'onda, samaki wakavu, na hakuna aliyetaka ufunguliwe mle ukumbini. Bibi akafikiri kidogo. "Kaa nacho wewe," akasema. "Kitakufaa."

Tukatafuta pa kukaa. Viti vya uwanja wa ndege, mnaovijua mnavijua: kila kimoja kina mkono wa chuma kando yake ili mtu asijinyooshe. Nilijaribu kulala hivyo hivyo, ubavu juu ya chuma, nikaamka baada ya robo saa nikiwa na mchoro begani. Nikawasha simu. Kufika saa sita kasoro ilikuwa imebakisha moto wa kupigia tu, na tundu la umeme lililofanya kazi lilikuwa moja, lina foleni, na mwenye zamu alikuwa mzungu aliyelala pembeni yake kama mlinzi. Nikanunua chai, moja kwa bei ya chai nne za mtaani. Nikanunua Taifa Leo, nikaisoma yote, mpaka matangazo ya vifo na ya mashamba yanayouzwa, nikajua bei ya ploti za mahali ambapo sitakanyaga. Saa yangu ilikuwa imesogea dakika hamsini.

Wakati wote huo Bibi alikuwa akisuka.

Alianza mara tu alipokaa. Alilaza kikapu miguuni, akatoa miyaa michache, akaipanga kwa kidole gumba na cha shahada, na mikono ikaondoka yenyewe. Mwaa mmoja unapanda juu ya miwili, unazama chini ya miwili, unakunjwa ukingoni na kurudi upande wa pili. Mwaa ukikaribia kuisha anachomeka mwingine chini yake na kuendelea, ncha ya ule wa zamani inabaki imechomoza. Nyumbani ncha hizo huzikata kwa kisu mpaka ukili, yaani ule msuko, unakuwa laini. Pale hakukuwa na kisu, kwa hiyo ukili ulitoka na ndevu. Mwaa mpana aliupasua kwa ukucha, ukikataa akautia menoni. Hakuangalia mikono hata mara moja. Macho yalikuwa kwa watu.

Na watu walikuwepo wa kuangalia. Mchana ule kulikuwa na Waitaliano wanaorudi kwao kutoka Malindi na Watamu, wekundu kama kamba waliochemshwa, wanawake wamesukwa nywele kwa shanga na ngozi ya kichwa inaonekana ilivyoungua. Bibi alizipima zile nywele kama fundi anavyopima kazi ya fundi mwenzake. "Huyo wamemuibia," akasema juu ya mmoja. "Msuko hauna mkazo."

Mama mmoja katika wale akasimama mbele yetu, akachuchumaa, akashika ncha ya ukili. Kwa Kiswahili cha Malindi, ambacho si kibaya, akauliza bei gani. Nilikuwa naanza kupiga hesabu, Bibi akanikatiza.

"Mwambie hauuzwi. Huu ni uzi, nguo haiyashonwa."

Nikamfafanulia kadiri nilivyoweza: ukili husukwa kwanza, mrefu, ndipo ushonwe mzunguko kwa mzunguko uwe mkeka, au msala wa kusalia, au kikapu. Mama yule akaitikia sana, akataka kupiga picha badala yake. Bibi akajifunika kwa mtandio, mikono tu ikabaki nje, ikiendelea. Nadhani picha ile ilikuwa nzuri kuliko kama angeonekana uso. (Mwaka uliofuata, Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, kila mtu akakumbuka vikapu, na Bibi akaletewa kazi na watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakimwambia apumzike.)

Nilitoka nje kunyoosha miguu. Chini ya kivuli cha miti, madereva wa teksi walikuwa wanacheza dama juu ya kipande cha mbao kilichochorwa kwa wino, kete zake vifuniko vya soda, upande mmoja vimefunikwa na mwingine vimefunuliwa. Yule dereva wa asubuhi akanikaribisha. Nikajiona mjanja. Kwenye dama kula ni lazima, na jamaa alinilisha kete moja, ya pili, ya tatu, nikala kwa furaha, halafu kifuniko chake kimoja kikaruka kutoka pembeni kikasafisha uwanja mzima na kwenda kuvaa ukingi kwangu. Tulicheza mara nne. Ya nne nilifungwa sijala hata kimoja. Wazee waliokuwa wakitazama waliniambia niende nikamwangalie bibi yangu.

Niliporudi nilimkuta na mgeni. Yule askari wa mlangoni alikuwa kwenye mapumziko, ameketi kiti changu, kofia mapajani, na mwaa vidoleni. Kwao ni upande wa Kilifi, mamake anasuka, dada zake wanasuka, yeye alipelekwa shule na hakujifunza. Bibi alikuwa akimshika vidole kimoja kimoja na kumwelekeza. "Ndoo hapa. Usiukabe. Ukili si adui yako." Askari akakosea, akafumua, akakosea. Dakika zake za mapumziko zilipoisha aliinuka na kipande cha urefu wa kidole, akakitia mfukoni kwa uangalifu, upande wa pili wa mfuko wenye kile kisu.

Tukala mahamri na samaki. Bibi alimkaribisha kila aliyepita karibu, na wawili wakakubali. Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili za msafiri. Kisha tukapanga foleni, tukaonyesha hati zetu na kadi za manjano za chanjo, ng'onda wakapita kwa usalama wao, tukaingia ndani. Saa kumi na nusu. Nilianza kujisikia binadamu.

Saa kumi na moja na dakika kumi, sauti kwenye kipaza sauti ikatangaza kwamba ndege ya Unguja itachelewa kwa saa mbili kwa sababu zisizoweza kuepukika. Ukumbi mzima uliguna. Mwanamume mmoja mwenye suti akaenda kugombana na msichana wa kaunta, ambaye hakuwa rubani wala fundi. Mimi nilikaa chini, nikaweka kichwa mikononi.

"Wamesema muda gani?" Bibi akauliza.

"Saa mbili nyingine, Bibi."

Akaukunjua ukili wote uliokuwa umejiviringa kikapuni, akaupima kwa mikono iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Moja. Mbili. Tatu. Akabakiwa na kipande kidogo.

"Basi ni pima moja," akasema, akaendelea na kazi.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenijibu.

Sijui ni uchovu au ni kushindwa dama, lakini ndipo nikamwambia anipe na mimi. Kwetu ukili ni kazi ya wanawake, na Bibi aliniangalia kwanza kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akanisogezea ncha yake ile ile aliyokuwa akiisuka, si mwanzo mpya wa kujifunzia kama aliompa askari. Nikashika. Miyaa ilikuwa na ubaridi wa kile kitambaa, inanukia majani na samaki. Nilichokuwa nimekiona siku nzima kama kitu kinachojifanya chenyewe kilikuwa na mikono kumi: ukishika huu, ule unafumuka, ukikaza huku, kule kunapinda. Upande wangu wa kushoto ukalegea, wa kulia ukakakamaa, ukili ukaanza kuinama kama barabara inayokwepa mti. Bibi hakusema neno. Alikuwa akitazama ndege iliyokuwa ikivutwa uwanjani, na mara moja moja anaupenyeza mkono wake na kuurudisha mwaa mmoja mahali pake.

Nilipoinua kichwa, nje taa zilikuwa zimewaka. Nilisuka shibiri moja. Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, gumba hadi kidole kidogo, na nilivuta kidogo ili itimie.

Tuliruka saa moja na nusu usiku. Bibi tasbihi hakuitoa. Alisinzia kabla taa za Likoni hazijapotea, kikapu kifuani.

Ukili ule aliuendeleza Unguja, siku za harusi, katikati ya wanawake wenzake, na tuliporudi kwa barabara, kwa Tanga na Lunga Lunga, aliuendeleza garini. Ramadhani iliyofuata nilipokwenda Lamu nilikuta amekwisha kuushona: msala mmoja, ncha zote zimekatwa, laini. Kisu alinunua kingine. Nilizunguka na vidole kutafuta kipande changu na sikupata shida, kilikuwa kimevimba kama kovu, chini kabisa, upande wa miguu.

"Bibi, hiki kimeangukia hapa, au umekiweka?"

"Kimeangukia," akasema bila kuniangalia. "Haya simama, Magharibi hiyo, yua lishatua."