Siri za seva zilikuwa zinakaa WhatsApp, sasa zinakaa kwenye git

Fungua WhatsApp yako sa hivi, nenda pale pa kutafuta, andika DB_PASSWORD, yaani jina tunalolipa paswedi ya databesi. Kama unaandika programu na timu ndogo kama yetu nina hakika kitu kitatokea. Kwangu zilitokea meseji 11. Nyingine za miaka mitatu nyuma, za mfumo ambao mpaka leo uko hewani na unapokea hela za watu, paswedi ile ile haijabadilishwa hata herufi moja, na kwenye lile grupu bado wamo watu wawili ambao hatufanyi nao kazi tena, na mmoja wao najua kabisa simu yake ya zamani aliiuza Kariakoo. Usiku ule sikulala vizuri.

Na si kwamba tulikuwa hatujui kitu. Kila aliyejifunza kazi hii ameambiwa faili la .env, lile lenye paswedi na mipangilio ya mfumo, halipelekwi kwenye git, programu inayotunza kodi na historia ya kila badiliko, na sisi tulitii, .gitignore yetu, orodha ya mafaili ambayo git iyaache, iko safi kabisa. Ila hakuna aliyetuambia sasa likae wapi. Akija mtu mpya anahitaji lile faili ili mfumo uwake kwenye laptopu yake, anauliza kwenye grupu, mwenye nalo anamtumia, kazi zinaendelea. Baada ya mwezi mtu anaongeza mstari mmoja kwenye faili la seva, hasemi, na wengine wote wanabaki na nakala ya zamani, afu siku mfumo unagoma mnaanza kuulizana nani ana faili la ukweli. Kwetu jibu lilikuwa hakuna mwenye uhakika.

Kuna wanaosema basi tuliweke tu kwenye git maana ripo yetu, yaani ghala la kodi yetu ndani ya git, ni ya ndani, haionekani na watu. Hapana jamani. Mwaka 2016 watu waliingia kwenye ripo za ndani za wahandisi wa Uber kule GitHub, tovuti ya kuhifadhia ripo, wakakuta humo funguo za kuingilia AWS, seva za kukodi za Amazon, wakazitumia wakachukua taarifa za abiria na madereva milioni 57, na dunia ikaja kujua Novemba 2017. Ripo ilikuwa ya ndani vilevile. Ripo inakaa kwenye laptopu ya kila aliyewahi kuivuta, na laptopu zinaibiwa.

Nilichohamia kinaitwa sops. Ni programu ya terminali tu, unaiweka kwenye mashine basi, haina seva ya kuitunza, haina akaunti ya kujisajili. Ilianzia Mozilla mwaka 2015, mwanzo iliandikwa kwa Python, baadaye wakaiandika upya kwa Go, na 2023 Mozilla wakaikabidhi kwa CNCF, taasisi inayolea programu huria, hao hao wanaolea Kubernetes. Kazi yake ni moja: inachukua faili lako la mipangilio, iwe YAML, JSON, ENV au INI, inazifunga thamani zilizomo, afu faili hilo hilo unaliweka kwenye git bila wasiwasi.

Kilichonivuta ni kwamba inafunga thamani na kuacha majina. Ukilitazama faili lililofungwa unaona DB_HOST, unaona DB_PASSWORD, unaona SMS_TOKEN, majina yote yako wazi kama yalivyo, ila mbele ya kila jina kuna neno ENC na mlolongo wa herufi usiosomeka. Unaweza ukaona kama ni kitu kidogo ila kwenye kazi ya kila siku ni kikubwa sana, kwa sababu mwenzako akibadilisha paswedi ya databesi git inakuonyesha mstari ule mmoja umebadilika, pamoja na mistari michache ya sops yenyewe chini ya faili, unajua nani kabadilisha na lini na pengine ameandika kwa nini. Ungelifunga faili zima kama zip yenye paswedi ungeona tu kwamba kuna kitu kimebadilika.

Afu kila thamani imefungwa pamoja na jina lake. Ukikata thamani iliyofungwa ya DB_PASSWORD ukaibandika mbele ya SMTP_PASSWORD, sops inagoma kufungua. Na chini kabisa ya faili kuna muhuri, mtu akifuta mstari au akiupunguza kimyakimya muhuri haulingani, inagoma pia.

Ndani iko hivi. Kila faili lina ufunguo wake wa biti 256, huo ndo unaofunga thamani zote. Ufunguo huo nao unafungwa tena, mara moja kwa kila anayeruhusiwa, na nakala hizo zinakaa mwishoni mwa faili lenyewe. Sisi tuko wanne na seva ni ya tano, kwa hiyo faili letu lina nakala tano, ukiacha ya sita ya akiba nitakayoieleza mwishoni, kila mmoja anafungua kwa ufunguo wake mwenyewe bila kumuomba mwenzake na bila paswedi ya pamoja. Kama uko AWS au Google Cloud au Azure unaweza kutumia huduma zao za funguo, lakini sisi seva ni ya kukodi ya kawaida tu, tukachukua age, programu ndogo ya kufunga mafaili kwa funguo.

age ni ya Filippo Valsorda, Mwitaliano aliyewahi kuongoza timu ya usalama ya lugha ya Go pale Google. Mwenyewe anaitamka kwa g ngumu, yaani we isome kama ingekuwa neno la Kiswahili, a-ge, umepatia. Kabla yake watu walikuwa wanatumia PGP, programu ya zamani ya kufunga mafaili na ujumbe, nami nilianza nayo, nikaishia kumwelekeza mwenzangu kwa simu saa nzima habari za funguo kuisha muda, tukaachana nayo. Kwa age unaandika age-keygen unapata mistari miwili ya maana. Ule unaoanza na age1 ni wa wazi, huo tuma hata kwenye lile grupu la WhatsApp haudhuru mtu, maana kazi yake ni kufunga tu. Ule unaoanza na AGE-SECRET-KEY-1 ni wako peke yako, hautoki kwenye mashine yako.

Najua kuna wadau watauliza mbona si Vault. Vault ya HashiCorp, programu nyingine ya kutunza siri, ni kitu kizuri na kina jambo ambalo sops haina, inaweza kutengeneza paswedi ya databesi ya muda, ikaisha yenyewe baada ya saa moja. Ila Vault ni seva, na ikizima ikawaka inarudi ikiwa imejifunga, na kwa mpangilio wake wa kawaida inataka vipande vitatu vya ufunguo kati ya vitano ndo ifunguke. Seva yetu ya majaribio iko ofisini. Umeme ukikatika usiku na betri zikaisha, nianze kuamsha watu watatu kila mmoja na kipande chake? Kuifanya ijifungue yenyewe inawezekana, ila sasa unahitaji huduma nyingine ya kuushika ule ufunguo. Kwa timu ya watu wanne nimeona mzigo ni mkubwa kuliko ninachobeba. Mkifika arobaini hesabu inabadilika.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Kwenye ripo kuna faili dogo la .sops.yaml lenye orodha ya funguo za wazi na faili gani linafungwa kwa nani. Ukitaka kubadilisha kitu unaandika sops edit prod.env, hilo prod.env ndo faili la siri za mfumo ulio hewani, linafunguka kwenye editor yako kama kawaida, ukisevu linajifunga. Seva ikitaka kuwasha mfumo inatumia sops exec-env prod.env ikifuatiwa na komandi ya kuwashia, na thamani zinaenda moja kwa moja kwenye programu bila kuandikwa wazi kwenye diski. Usichukulie hapo kwamba umemaliza lakini, kwa sababu mwenye root, yaani mamlaka yote, kwenye ile seva anazisoma tu kupitia /proc, mahali Linux inapoonyesha programu zinazoendeshwa, na hakuna sops itakayomzuia.

Hapo CI, mashine inayoijaribu kodi yenyewe kila tukiituma, ndo ilinifanya nifikiri sana. Mwaka 2021 wavamizi waliichezea skripti ya Codecov ambayo watu wengi walikuwa wanaiendesha kwenye CI zao, ikawa inakusanya kila kitu kilichoko kwenye mazingira ya CI inawatumia, na ilikaa hivyo miezi miwili hivi, mwisho wa Januari mpaka Aprili mosi. Skripti ya mtu mwingine, unaiamini, inaendeshwa mahali pale pale ulipoweka siri zako. Kwa hiyo CI yetu haina ufunguo wa prod.env kabisa. Ina faili lake, test.env, lenye siri za majaribio tu, na likivuja tunabadilisha tunaendelea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote, maana hapa nilikosea na naona watu wengi wanakosea.

Mwenzetu mmoja alipata kazi sehemu nyingine. Tuliagana vizuri, hakuna ugomvi, bado tunaongea. Siku ya mwisho nikatoa ufunguo wake kwenye .sops.yaml, nikaendesha sops updatekeys, nikakumiti, nikapushi kwenye git, nikaandika kwenye grupu tumemaliza. Kaka mmoja ambaye ndo mkubwa wetu kwenye mambo ya seva akanipigia.

"Mdogo wangu, umefanya nini hasa?"

Nikamweleza.

"Sawa. Sasa rudi kwenye git, chukua prod.env ya wiki iliyopita. Hiyo nani anaifungua?"

Nikanyamaza. Ya wiki iliyopita ilikuwa bado na nakala yake. Git haisahau, na ripo nzima anayo kwenye laptopu yake, na ufunguo wake wa siri ni wake, hatuwezi kumnyang'anya. "Umefunga mlango wa kesho," akaniambia, "vya jana bado anavisoma." Na kuna kingine ambacho sikujua: updatekeys haibadilishi ule ufunguo wa faili wa biti 256, inaufunga upya tu kwa watu waliobaki. Aliyewahi kuufungua akautunza anaweza kuutumia hata kwenye faili jipya. Ili ubadilike ni lazima uendeshe sops rotate baada ya updatekeys.

Lakini hata rotate haigusi kile alichokwisha kuona. Paswedi ya databesi ni ile ile. Mtu anaweza kuwa ameiona kwenye skrini, ameinakili, au laptopu yake ikaja kuibiwa na mtu asiyemjua hata yeye. Siri iliyowahi kusomwa na aliyeondoka dawa yake ni kuibadilisha yenyewe, kule inakotumika, kwenye databesi, kwenye malipo, kwenye SMS, kwenye barua pepe, ndo uje uifunge mpya.

Tulikaa usiku ule mimi na kaka. Na hapa majina kuwa wazi kulitusaidia sana kwa sababu orodha ya kazi ilikuwa mbele yetu, mistari 23, tukapitia mmoja mmoja, huu ni siri, huu ni anwani tu, siri za kweli zikawa tisa. Saba tulibadilisha mpaka saa nane usiku. Moja ya malipo ilibidi tuandike barua pepe tusubiri siku mbili, na siku mbili hizo nilikuwa naangalia miamala kila baada ya muda. Ya tisa ndo ilikuwa ngumu, paswedi ya databesi ambayo kumbe mifumo mitatu ilikuwa inaitumia hiyo hiyo moja, ukiibadilisha huku kule kunazima. Tukampa kila mfumo mtumiaji wake na paswedi yake, na faili lake la sops. Sa hivi kubadilisha siri moja ni dakika tano na huogopi, na tangu hapo tunabadilisha hata kama hakuna anayeondoka.

Vitu viwili vidogo vya kujua kabla hujaanza. Majina yako wazi, kwa hiyo usiweke jina lenye siri ndani yake, kama jina la mteja ambaye hataki ijulikane mnafanya naye kazi. Na urefu wa thamani unaonekana, paswedi ya herufi sita mtu ataihesabu hata ikiwa imefungwa, weka ndefu.

Kingine ni kupotea. Kama funguo zote za siri zikipotea hakuna mtu wa kumpigia, sops haina mlango wa nyuma na age haina. Kwa hiyo tuna ufunguo wa sita ambao si wa mtu, umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, uko kwenye bahasha kwenye kabati la chuma. Ufunguo wa siri wa age ni herufi 74 tu kwenye mstari mmoja, na baada ya ule mwanzo wa AGE-SECRET-KEY-1 zilizobaki hazina B, I, O wala namba 1, waliziacha makusudi zisichanganywe na nyingine, na ukikosea kuandika herufi moja inakuambia umekosea badala ya kukupa ufunguo mwingine. Mwezi uliopita tuliifungua ile bahasha kujaribu, kwenye laptopu isiyo na intaneti. Kaka alisoma, mimi nikaandika. Mara ya kwanza ikakataa, nilikuwa nimeandika V badala ya W. Mara ya pili prod.env ikafunguka yote, mistari 23, tukafuta, tukairudisha karatasi kwenye bahasha mpya tukasaini wote wawili juu ya gundi.