Nilivyohesabu elektroni za anga ya Tanga bila rada

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili nilitaka kujua jambo moja tu: juu ya nyumba yetu Tanga, kilomita mia tatu na zaidi kutoka ardhini, kuna elektroni ngapi? Chombo kinachojibu swali hilo vizuri kuliko vyote ni rada. Ile ya Jicamarca, karibu na Lima nchini Peru, ina dipoli 18,432, yaani antena sahili, zilizotandazwa kwenye uwanja wenye upande wa mita 300 hivi. Hurusha mawimbi ya megahezi 50 juu, kila elektroni hurudisha nguvu kidogo mno, na kutokana na mwangwi huo dhaifu wataalamu husoma msongamano wa elektroni kimo baada ya kimo. Kwetu rada ya namna hiyo haipo. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi na bando la usiku.

Njia niliipata kwenye GPS. Setilaiti zake hutuma mawimbi kwa masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60. Elektroni za ayonosfia, yaani tabaka la juu la anga lenye elektroni huru, huchelewesha ujumbe wa yote mawili, ila ule wa masafa ya chini huchelewa zaidi. Tofauti kati yao ikiwa mita 1, basi njiani kuna takriban vipimo 9.5 vya TEC, yaani jumla ya elektroni. Kipimo kimoja ni elektroni zenye idadi ya moja na sifuri 16, zilizomo katika nguzo yenye kitako cha mita moja ya mraba. Malindi kuna kipokezi cha masafa mawili, MAL2, kilichomo katika mtandao wa kimataifa ambao takwimu zake ni bure kwa kila mtu. Nilichora pembe kwenye karatasi nikaona kuwa setilaiti ikiwa kusini-magharibi mwa Malindi kwa kimo cha nyuzi 50 hivi, mawimbi yake hukata ayonosfia karibu na anga ya Tanga kabla ya kukifikia kipokezi. Furaha niliyoipata usiku ule sijaisahau.

Haikudumu. Grafu yangu ya kwanza ilionyesha setilaiti kila moja na lake: hii vipimo 20, ile 5, nyingine chini ya sifuri, zote kwa saa moja. Niliipeleka kwa msimamizi wangu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, chini ya sifuri hakuna cha kuhesabu. Kuna kitu kati ya setilaiti na faili lako hujakiondoa."

Vilikuwa vitu viwili. Ndani ya kila setilaiti, masafa hayo mawili hayatoki kwa wakati mmoja. Yanapishana kwa nanosekunde chache. Nanosekunde 1 ni vipimo 2.85 vya TEC, kwa hiyo kosa dogo hapo laweza kumeza usiku mzima wa elektroni. Kituo cha Bern nchini Uswisi hutoa majedwali ya tofauti hizo, nami nilikuwa nayo. Kumbe nilikuwa najumlisha pale pa kutoa! Wiki mbili nilitafuta kosa katika fizikia, nalo lilikuwa alama moja kwenye mstari mmoja wa programu. Nilipoigeuza, mistari ya setilaiti ilisogeleana. Lakini kabla ya alfajiri bado ilishuka hadi vipimo 14 chini ya sifuri.

Kilichobaki kilikuwa tofauti ya kipokezi chenyewe, ambayo jedwali nililokuwa nalo halikuitaja. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Saa kumi alfajiri, yaani saa 01:00 katika mafaili yale yanayofuata saa za kimataifa, ayonosfia yetu imetulia na elektroni ni chache. Ukigeuza kila kipimo cha mshazari kuwa cha wima, setilaiti zote zinapaswa kukubaliana. Ukikosea tofauti ya kipokezi hazikubaliani, kwa sababu kosa lilelile hugawanywa kwa namba tofauti kulingana na kimo cha kila setilaiti. Basi nikaiagiza kompyuta ijaribu namba moja baada ya nyingine, ikipanda kwa nanosekunde 0.1, na kila mara ipime jinsi mistari inavyotawanyika. Utawanyiko ulipungua, ukafika chini kabisa kwenye nanosekunde 6, kisha ukaanza kupanda tena. Nanosekunde 6 ni vipimo 17. Alfajiri ikapanda kutoka 14 chini ya sifuri hadi 3 juu yake, na saa nane mchana ikasimama kwenye 40. Nilimwamsha mdogo wangu aje aone.

Hata hivyo TEC ni jumla ya nguzo nzima, haisemi elektroni zimejazana kimo gani. Kwa hilo nilitumia setilaiti sita za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019. Huzunguka karibu na ikweta na kuitazama setilaiti ya GPS inapotua nyuma ya ukingo wa dunia. Mawimbi yanapokata tabaka moja baada ya jingine, msongamano wa kila kimo hupatikana. Mchana mmoja kipimo chake kilipita karibu na pwani yetu na kuonyesha kilele cha elektroni trilioni 1.24 kwa mita ya ujazo. Ni msongamano ambao ayonosonde, mashine inayopiga mawimbi ya redio juu na kusubiri yarudi, ingeuona kwenye megahezi 10. Niligawanya vipimo vyangu 40 kwa kilele hicho nikapata unene wa kilomita 323, namba inayokubalika kabisa kwa ayonosfia ya mchana.

Kuna jambo moja nililichelewa. Mwezi Machi, kati ya saa mbili na saa tano usiku, mistari yangu ilikatikakatika, nami nikawa nafuta vipande hivyo nikidhani ni takwimu mbovu. Msimamizi ndiye aliyenizuia. Baada ya jua kutua, hasa Machi na Septemba, mapovu yenye elektroni chache huinuka juu ya ikweta ya sumaku, ile inayopita Ethiopia, na ncha zake hufuata mistari ya sumaku hadi kwetu. Mawimbi yakipita humo huyumba hadi kipokezi kinayapoteza. Nimevipakua upya vipande vyote nilivyofuta, na sasa vina folda yake.