Wenye nchi wanakiitaje? Nilivyoyanasa majina ya vyakula

Nilipewa kazi ya kutunga maswali ya chemsha bongo, nikachagua vyakula vilivyobandikwa majina ya nchi: je, huko kwao vinaitwaje? Mjuaji mmoja akaniambia kazi ndogo hiyo, weka jina kwenye programu ya kutafsiri, basi. Ushauri wa hovyo! Niliandika "saladi ya Kirusi" nikarudishiwa Kirusi cha maneno hayohayo. Warusi wenyewe, saladi ile ya viazi, karoti, njegere na mayonezi wanaiita Olivye, kwa jina la mpishi Lucien Olivier wa mgahawa wa Hermitage, Moscow, miaka ya 1860. Uturuki utaikuta hata ikiitwa saladi ya Kimarekani. Programu ingeyajulia wapi hayo?

Nikahamia kwenye picha, na kwa hili najisifu bila haya. Fungua makala ya chakula hicho Wikipedia, hamia lugha ya nchi husika, nakili kichwa cha makala kama kilivyo, hata kama herufi zenyewe huzijui. Kibandike kwenye utafutaji wa picha. Sahani ikiwa ni ileile, songa mbele. Ikiwa siyo, ujue umenasa swali zuri zaidi. Kisha, na hapa wengi huona uvivu, bana utafutaji ulete anwani za nchi hiyo tu, zinazoishia na .dk (Denmark), .ru (Urusi) au .tr (Uturuki), usome mapishi wanayopeana wenyewe kwa wenyewe. Mtu anayemwelekeza jirani yake kupika hana haja ya kutaja nchi yao. Gharama yake ni bando la kutosha na usingizi kidogo.

Uhondo wenyewe niliukuta kwenye ule mkate mtamu wa tabaka za siagi ambao wasemaji wa Kiingereza wanausema ni wa Denmark. Nilibandika jina lake la huko, wienerbrød, picha zikamiminika: tabaka zilezile, kastadi katikati, sukari nyeupe imechirizika juu. Lakini wienerbrød ni mkate wa Vienna, mji mkuu wa Austria! Nikaenda Vienna, kwa kidole tu. Kule nako nikakuta wanauita Kopenhagener Plunder, yaani wanaurudisha Copenhagen, Denmark. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Nilicheka peke yangu usiku ule, kisha nikatafuta chanzo: mwaka 1850 waokaji wa Denmark waligoma, waajiri wakaleta mafundi kutoka nje, wakiwemo Waaustria, nao wakaja na namna yao ya kuoka. Na ukiwa bado uko Vienna, usiondoke bila kuuliza soseji. Ile ambayo Wajerumani wanaiita Wiener, Vienna wanaiita Frankfurter, yaani ya Frankfurt, mji wa Ujerumani. Swali hilo lilizua kelele ukumbini mpaka nikalazimika kugonga meza.

Mengine yalikuwa mepesi. Jibini yenye matundu ambayo Wamarekani wanaiita ya Uswisi, Uswisi ni Emmentaler, kwa bonde la mto Emme. Vile vipande laini vilivyovingirishwa kwenye sukari ya unga, ambavyo Waingereza wanavihesabu kuwa raha ya Waturuki, Uturuki ni lokum. Crème anglaise ya Wafaransa, yaani krimu ya Kiingereza, ikivuka bahari kwenda Uingereza inageuka kastadi tu.

Jihadhari na keki ya chokoleti inayoitwa "German". Programu itakupeleka Ujerumani, utazunguka bure. German ni jina la mtu, Samuel German, aliyebuni chokoleti ya kuokea huko Marekani mwaka 1852. Keki yenyewe ilivuma baada ya mapishi yake kuchapishwa kwenye gazeti la Dallas mwaka 1957. Nililiweka swali hili makusudi, na yule mjuaji wa programu akawa wa kwanza kuinua mkono. Sikumcheka. Sana.

Bata mzinga naye ni balaa. Kwa Kiingereza jina lake ni lilelile la nchi ya Uturuki, lakini Uturuki anaitwa hindi, kana kwamba katoka India. Wareno wanamwita peru, na ukifika Peru unamkuta ni pavo. Ndege mwenyewe asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeitaja.

La mwisho nililiweka la tunda. Chungwa kwa Kituruki ni portakal, kwa Kiarabu burtuqal, kwa Kigiriki portokali, na yote hayo yanaelekeza Ureno, yaani Portugal. Wareno wenyewe wanaliitaje? Ni laranja. Timu moja ilishikilia kwamba lazima jina lifanane, ikadai pointi zake. Nikafungua simu, nikawaonyesha mapishi ya keki kutoka anwani inayoishia na .pt, picha ya machungwa juu, laranja imeandikwa chini yake. Wakahamia kugombania swali la soseji.