Nilivyoisifu diski ambayo haikuwa ikifanya kazi

Aliyenishawishi ni fundi mmoja wa Kariakoo. Nilimweleza kwamba kompyuta yangu ya mezani, yenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ya zamani, ambayo naitumia kuandikia ripoti na kujaza majedwali, imeanza kunichosha, naye akanijibu bila hata kuiona: "Bosi wangu, SATA inasoma megabaiti 550 tu kwa sekunde, weka NVMe ya 3,500, utaniletea zawadi." Nikatoa laki moja na ushei, nikaondoka na hiyo NVMe, SSD ya njia mpya yenye kasi zaidi: kijibao chembamba cha urefu wa kidole.

Nilikifunga, nikahamishia humo mfumo mzima, nikawasha. Kwa siku mbili nilimsimulia kila aliyekuwa na subira jinsi Excel inavyofunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kipanya. Siku ya tatu, nikitafuta nafasi ya kuweka picha, niligundua kwamba nilisahau kubadili mpangilio wa diski ya kuwashia, na kwamba muda wote huo kompyuta iliwaka kwa diski ileile ya zamani niliyokuwa nikiisengenya.

Nilipokwisha kurekebisha, nilichukua simu nikapima muda wa kompyuta kuwaka: diski ya zamani sekunde 19, mpya 17. Bado sikuridhika, nikamketisha mdogo wangu, nikawa nawasha mara kwa hii, mara kwa ile, bila kumwambia. Alifungua programu zilezile, akatafakari kama hakimu, kisha akaapa kwamba ile ya SATA ndiyo mpya.

Ile 3,500 ni kasi ya kusoma faili moja kubwa mfululizo, ilhali programu inapofunguka husomwa vipande vidogo vidogo maelfu, na hapo diski hizi mbili hazipishani sana. Zamani, nilipoachana na diski ya kuzunguka na kuhamia SSD, ambapo ile ya kuzunguka kichwa chake hulazimika kukimbilia kila kipande, tofauti niliiona bila saa. Safari hii nilitegemea walau kunakili video ya harusi ya GB 40 kuniokoe, lakini kwa kuwa ilikuwa ikitoka kwenye SATA, SATA ndiyo iliyopanga mwendo.

Kilichokuwa kikinichosha ni RAM (kumbukumbu ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) ya GB 4 iliyobebeshwa kurasa ishirini za kivinjari. Ya GB 8, iliyokwisha kutumika, niliipata kwa elfu hamsini na kitu, duka la tatu kutoka kwa fundi yuleyule.