Shilingi 112,000 za mfuko wa jamii

Desemba 2016 tulivunja kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wiki mbili kabla ya Krismasi, kama ilivyo kawaida ya vikoba vingi, ili kila mama apate cha kununulia mbegu na sare za Januari. Tulikuwa wanawake 28 wa kitongoji kimoja cha tarafa ya Ismani, kwenye ile barabara inayotoka Iringa mjini kwenda Mtera na Dodoma. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale, na mwalimu kijijini hakosi kukabidhiwa kalamu, kwa hiyo ukatibu ulikuwa wangu.

Hisa zilikwisha bila mgogoro. Washika funguo watatu walifungua kila mmoja kufuli lake, sanduku likamiminwa mkekani, tukahesabu mara mbili, na kila mtu akafunga chake kwenye pindo la khanga. Kilichobaki kilikuwa mfuko wa jamii, zile mia mbili mbili tulizokuwa tukitoa kila wiki pembeni ya hisa kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mwaka ule misiba ilikuwa mingi. Zilibaki shilingi 112,000.

Ukigawa kwa watu 28, kila mmoja anapata 4,000. Wakati ule elfu nne haikutimiza hata kilo mbili za sukari. Hata hivyo wengi walitaka zigawanywe, na siwalaumu, fedha iliyo mkononi ina raha yake hata ikiwa ndogo. Wengine wakasema tununue vitambaa vya kichwa vya rangi moja, tukienda kanisani Krismasi tujulikane kuwa ni kikundi. Mama mmoja akapendekeza apewe zote mwenzetu ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali mjini. Hapo watu walinyamaza, maana nani angesimama kulikataa hilo?

Aliyevunja ukimya ni bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye kwa kawaida alikuja kikao, akanunua hisa yake moja, akasikiliza, akaondoka. Alisema, "Wanangu, ngojeni kwanza. Kabla hatujazila hizi, kila mmoja aseme mwaka huu kimempotea nini. Mwalimu aandike."

Wa kwanza akasema, "Kuku kumi na wanne." Wa pili akasema kuku tisa, vifaranga hakuhesabu. Wa tatu alikuwa na mbuzi aliyeibiwa, lakini akaongeza, "na kuku wote, nilibaki na tetea mmoja." Ikaendelea hivyo mkeka mzima. Wapo waliotaja mahindi yaliyokauka, mmoja alitaja simu, lakini kuku walitajwa na karibu kila mtu, na walitajwa kwa namna ya jambo lililozoeleka, kama mtu anavyotaja jua kuwa kali. Nilipojumlisha, kuku waliokufa kwa ugonjwa wa mdondo kati ya Septemba na Novemba, kwetu tu wanakikundi, walipita 300. Nikakadiria kwa bei ya chini kabisa ambayo mchuuzi wa matenga angetoa akiwa ameegesha pikipiki yake mlangoni, elfu nane kwa kuku. Ikawa zaidi ya shilingi 2,400,000. Nikaisoma kwa sauti. Mwenyekiti akaniomba nirudie.

Asiyeijua Ismani anaweza kushangaa kwa nini kuku. Mkoa wa Iringa watu wengi wanaujua kwa baridi, chai ya Mufindi, mbao na ulanzi. Ismani ni upande wa pili wa mkoa huohuo, ukame umeishika, mvua ni ya msimu mmoja, ikianza Desemba na kuishia Aprili, na kuna miaka inayokuja kusalimia tu. Mahindi yakikataa, kinachobaki ni mtama, alizeti kidogo, na kuku. Kuku mmoja ni nauli ya kwenda hospitali mjini, wawili ni sare ya mtoto. Mwaka ule wa 2016 ndio ulioanza na elimu bila malipo, na lilikuwa jambo kubwa kwelikweli, lakini daftari, kalamu na viatu havikuwa bila malipo. Mimi niliuona mdondo darasani kabla sijauona uani. Ulipoingia kitongojini, ndani ya wiki chache watoto walianza kuandika nyuma ya daftari za mwaka uliopita.

Mdondo, wengine huuita kideri, ni ugonjwa wa virusi, na haujambo kwa ukatili. Jioni kuku anasinzia na mabawa yameanguka. Asubuhi anaharisha kijani. Wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinatazama mgongoni, wanazunguka mahali pamoja mpaka wanaanguka. Hauna dawa. Watu walikuwa wanawanywesha maji ya pilipili, shubiri, majivu, na wengine vidonge vya binadamu, kwa fedha ambayo ukiijumlisha haikuwa ndogo.

Chanjo ilikuwepo. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma hata leo nikilikumbuka. Afisa mifugo wa kata alishaitaja kwenye mkutano wa kijiji: inaitwa I-2, inadondoshwa jichoni, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine. Mbegu yake, yaani virusi inavyotengenezwa navyo, ilitafitiwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, na ikatolewa kwa nchi kama yetu ili zitengeneze chanjo zenyewe kwa ajili ya kuku wa vijijini. Kwetu ilianza kutengenezwa Temeke, Dar es Salaam. Na bei yake ilikuwa hivi: chupa moja, inayokaa kwenye kiganja na kutosha zaidi ya kuku 100, haikufikia bei ya kuku mmoja.

Sasa kwa nini hakuna aliyekuwa ananunua? Tulimwita afisa mifugo kikao kilichofuata akatufafanulia, na jibu halikuwa ujinga, kama watu wa mjini wanavyopenda kudhani. Mama mwenye kuku sita akinunua chupa ya kuku mia, dozi tisini na kitu zinamwagika, maana ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Ongeza nauli ya kwenda mjini na kurudi. Halafu chanjo inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa mtu mmoja hesabu haikubali. Kwa kitongoji kizima, asubuhi moja, chupa hiyohiyo inakuwa karibu na bure. Fedha yetu ilikuwa ndogo mno kwa kila mtu peke yake, na kwa kazi hii moja ilitosha na kubaki.

Ubishi ulikuja mahali pengine. Afisa mifugo alisema tukichanja kuku wa wanakikundi tu, kuku wa jirani wakiugua bado ugonjwa utabaki unazunguka, na vifaranga wetu wapya ambao hawajapata tone watakufa. Akina mama kadhaa walikataa katakata. Kwa nini tumchanjie mtu ambaye hakuwahi kuweka hata mia? Ni swali la haki, sikulidharau. Mimi niliomba kusema, nikasema nakubaliana na afisa: tusitenganishe nyumba. Lakini aliyewageuza ni mwenyekiti. Alisema, "Mdondo haujawahi kuuliza nani ana hisa," kisha akaweka pendekezo lake: wote wachanjiwe, wasio wanakikundi walipe shilingi 50 kwa kuku, wanakikundi wachanjiwe bure mzunguko wa kwanza tu, baadaye nao walipe. Asiye na fedha alete yai. Fedha itakayopatikana inarudi kununua chupa za mzunguko unaofuata.

Nimefikiria sana kuhusu zile hamsini. Wapo watu wenye nia njema ambao wangesema itolewe bure kabisa. Lakini 112,000 ikitolewa bure inaisha, na ikiisha mdondo unarudi palepale. Hamsini hazikumzuia mtu, na zilikifanya kitu kile kiwe na miguu yake.

Mama mwenye mtoto hospitali hatukumsahau. Tulitenga 40,000 ibaki kwa ugonjwa na misiba, na sehemu yake ilimfikia wiki ileile. Nadhani tulifanya sawa. Mfuko uliundwa kwa ajili ya mambo hayo, na sikuona uhalali wa kumwambia mzazi aliye wodini asubiri kuku wachanjwe kwanza. 72,000 zikaenda kwenye chanjo.

Kabla ya kununua ilibidi tujue idadi, kwa sababu chupa inayozidi ni hasara na inayopungua ni ugomvi. Nikawatumia wanafunzi wangu wa darasa la tano. Shule ilikuwa imefungwa, lakini watoto wa jirani hawakosekani. Niliwapa kila mmoja karatasi na nyumba zake, wakahesabu jioni kuku wakiingia kulala: jogoo, matetea, vifaranga. Walileta hesabu nzuri kuliko ambayo ningeipata kwa mtu mzima, maana mtu mzima akiulizwa mali yake anapunguza.

Januari, wakati kuku waliobaki walikuwa wazima na wengine wamenunuliwa upya, nilikwenda Iringa mjini kuchukua chupa kwenye duka la dawa za mifugo. Nilirudi nazo zimeviringwa kwenye khanga mbichi ndani ya kikapu, nimekiweka miguuni mbali na dirisha, kwa sababu hata chanjo inayovumilia joto haipendi jua.

Kesho yake tulianza kabla hakujapambazuka, kuku wakiwa bado ndani. Kwetu wengi hulala na kuku jikoni, kwa hiyo unapiga hodi, "Kamwene," unaitikiwa, mlango unafunguliwa nusu, unaingia kwenye giza lenye harufu ya majivu. Afisa mifugo alitufundisha wanne. Mtoto anamshika kuku kwapani, mabawa yamebanwa. Wewe unalaza kichwa chake pembeni, jicho moja liangalie juu. Chupa unaishika wima kabisa, ukiilaza tone linakuwa dogo. Unabonyeza, tone linaning'inia, linaanguka juu ya jicho, linakaa pale linang'aa kama shanga. Hapo hutakiwi kumwachia. Unasubiri apepese, tone lizame, ndipo unamweka chini. Jogoo mkubwa na kifaranga wa wiki moja wote ni tone moja, na kuna bibi aliyelipinga hilo kwa nguvu, akitaka jogoo wake apewe matatu kwa ukubwa wake. Kuku aliyeonekana mgonjwa tulimwacha.

Nyumba chache zilikataa. Mzee mmoja alisema kuku wake wamerithiwa kutoka kwa mama yake na hawajawahi kuguswa na dawa. Hatukumlazimisha. Mama mjane wa mwisho wa kitongoji alikuwa na kuku watano na hakuwa na senti. Alituletea yai akiwa amelishika kwa mikono miwili, nikaandika "yai 1" kwenye safu ya malipo, sawa na wengine. Kufikia saa nne kuku walikuwa wamefunguliwa wote na chupa ya mwisho ilikuwa imebaki na matone machache.

Tulirudia Mei. Tulirudia Septemba, kabla ya ile miezi ambayo mdondo hupenda kuja, na wanakikundi walilipa hamsini zao bila kukumbushwa. Oktoba 2017 mdondo ukapita kitongoji jirani, ng'ambo ya korongo, ukafagia. Kwetu walikufa vifaranga waliototolewa baada ya Septemba, na kuku wa zile nyumba zilizokataa, akiwemo wa yule mzee. Wengine walibaki. Sitasema hakuna aliyepoteza. Lakini mchuuzi wa matenga alipokuja mwezi ule alipata mzigo wake wote kitongojini kwetu, na bei alipandisha yeye mwenyewe, kwa kuwa kwingine hakukuwa na kuku wa kununua. Januari iliyofuata watoto wengi wa kitongoji chetu waliingia darasani na daftari mpya.

Novemba akina mama watatu wa ng'ambo ya korongo walikuja kwenye kikao chetu kuomba kukopeshwa bei ya chupa za kuanzia. Hawakuwa na kikoba. Mmoja wetu alitaka tuwatoze riba, wengine wakamzomea, tukapiga kura na riba ikashindwa. Sharti tulilowapa ni moja tu, nikaliandika kwenye daftari mbele yao: walete kwanza hesabu ya kuku wa kila nyumba, na kama hawana wa kuhesabu, nina watoto wa darasa la sita wanaoijua kazi.