Vile nilipata programu ya hesabu ya watoto, nikianza kwa kukosea makusudi

Msichana wangu yuko Grade 2 na hesabu za kujumlisha zilikuwa zinamtoa machozi, hasa zile za kubeba. Mwalimu wake akaniambia tu "Mama Shiru, mtafutie programu afanye mazoezi nyumbani", haya, nikaingia Play Store na huko ni kama soko la Gikomba, kila mtu anakuvuta nguo. Zote ziko na nyota nne na kitu, zote ziko na dubu anacheka.

Kilichonisaidia ni kukosea makusudi. Mtoto akishalala nafungua moja, ikiniuliza 47 + 38 naandika 75, hilo ndilo kosa lake la kila siku, anasahau ile moja ya kubeba, halafu naangalia itanifanyia nini. Nyingi zinalia "piii" na kuleta swali lingine, sasa hapo mtoto amejua alikosea wapi? Zingine ni za kuchagua jibu kati ya manne, na huyu wangu ni mjanja, anabonyeza zote moja moja mpaka nyota itokee, hesabu hajafanya amebahatisha tu. Hizo nikafuta. Nikabaki na zile zinakuonyesha 47 ni makumi manne na mamoja saba, ndio uone ile kumi mpya imetoka wapi.

Halafu kuna mambo ya bando. Moja ilikuwa inataka intaneti hata kwa 2 + 2, na katikati inaleta tangazo la mchezo wa bunduki, jameni, kwa mtoto wa miaka saba! Sai nazima data kwanza, ikikataa kufunguka basi kwaheri. Na zile za bure wiki ya kwanza halafu zinaitisha kadi ya benki sigusi.

Kwa tableti tuko na Khan Academy Kids, haina matangazo na haiitishi pesa, ila ni ya miaka 2 hadi 8 kwa hivyo hatutakaa nayo sana. Nyingine ni GCompris, bure pia, ukishadaunlodi inafanya kazi bila data, sura yake ni ya kizamani kidogo lakini ameipenda ile ya mizani, unaweka uzito huku na huku mpaka pande zilingane, anajumlisha na hata hajui anajumlisha. Kaka yake mkubwa nimemwekea TuxMath kwa laptopu ya baba yao, maswali yanaanguka kutoka juu na unaandika jibu mwenyewe kabla hayajafika chini, hakuna kubahatisha.

Hesabu za pesa ndio sijapata programu ya kunifurahisha, nyingi nilizoona ni dola na senti. Hiyo namtuma msichana wangu dukani na mia mbili alete maziwa na mkate, na lazima aseme chenji ni ngapi kabla mwenye duka hajahesabu.