Pampu ya petroli ya Beetle: pima kijiti kabla hujafunga nati

Injini ya Volkswagen Beetle ikishafumuliwa, ikawekwa beringi na ringi mpya na kufungwa tena, pampu ya petroli huonekana kazi ya dakika kumi: nati mbili na spana namba 13. Lakini ikifungwa kwa kukisia, petroli itajaa kwenye oili na beringi zile mpya zitakwisha mapema.

Pampu hii haina umeme. Chini yake kuna kijiti cha chuma kinachokaa juu ya kamu (nundu) ya shafti inayozungusha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Kranki ikizunguka mara mbili, kijiti hupanda na kushuka mara moja. Kikipanda, mkono wa pampu huvuta diaframu (utando unaonyumbuka ndani yake) na petroli huingia. Kikishuka, springi ndiyo inayoisukuma petroli kwenda kwenye kabureta. Maana yake, presha hutoka kwenye springi, na springi hubanwa kadiri kijiti kinavyochomoza. Ndiyo sababu milimita moja hapa ni kitu kikubwa.

Mpangilio ni huu. Shafti ya distributa hutangulia, na zile washa zake mbili nyembamba ziwe chini yake (watu huzisahau zimeganda na oili ndani ya krenkesi, yaani bodi ya injini inayobeba kranki). Kisha gasketi, kisha kitako cha plastiki, halafu ndipo kijiti, ncha iliyochongoka ikielekea chini kwenye kamu. Usitie kijiti kabla ya kitako. Kitako ndicho kinachokiongoza, na bila hicho kijiti hudumbukia ndani ya injini. Ukishindwa kukivua kwa sumaku, unafumua upya. Kitako hicho pia huzuia joto la krenkesi lisipande kwenye pampu, kwa hiyo kikiwa na ufa kitupe. Gundi haisaidii.

Urefu wa kijiti hutegemea injini. Zenye jenereta hutumia cha milimita 108. Zenye altaneta, zilizoanza kutoka mwaka 1973, zina pampu iliyolazwa upande ili isigonge altaneta, na kijiti chake ni milimita 100. Ukiweka kirefu kwenye pampu ya altaneta, mkono unavunjika au diaframu inapasuka. Dukani hawatakuuliza, kwa hiyo kipime mwenyewe kwa kalipa. Kilicholika ncha nacho usikirudishe.

Sasa kupima. Weka gasketi zote mbili, ya chini ya kitako na ya juu yake, kisha bana kitako kwa nati na washa za muda ili gasketi zikae kama zitakavyokaa pampu ikifungwa. Zungusha kranki polepole kwa spana 30 kwenye puli na uangalie kijiti. Kikifika juu kabisa, kichomoze milimita 13 kutoka uso wa gasketi ya juu. Kikishuka, kibaki na 8 au 9 hivi. Kimezidi? Ongeza gasketi chini ya kitako. Kimepungua? Punguza ikiwa zimerundikana, ila usifunge kamwe bila gasketi, oili itavuja. Na silikoni iache, vipande vyake huishia kwenye njia za oili.

Pampu nyingi mpya za bei nafuu zina springi kali kuliko za zamani. Ukiwa na geji, ifunge kwa kiungo cha njia tatu kati ya pampu na kabureta: presha ikipita psi 3.5, nido ya kabureta (sindano inayofunga njia ya petroli) inashindwa kuzuia, bakuli linafurika na petroli inamwagika kwenye silinda. Hapo pia dawa ni gasketi, moja moja, ukipima kila mara.

Kabla ya kuketisha pampu, paka grisi kwenye mkono wake na ujaze kiasi chumba cha chini. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule. Plastiki haivumilii nguvu.

Mipira iwe mipya na klipu ziwe imara. Filta ikae kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini. Ikining'inia juu ya distributa, uzito wake hulegeza kijibomba cha shaba cha kabureta, na magari mengi ya aina hii yameungua kwa kijibomba hicho tu. Kivute kwa mkono: kikitikisika, kishughulikie kwanza.

Kwa kuwasha, usiue starta kwa kusubiri petroli. Jaza bakuli la kabureta kwa sirinji kupitia tundu la hewa, kisha piga starta si zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja.

Baada ya kilomita 50 hivi, vuta dipstiki na uinuse. Ikinuka petroli, au kiwango kimepanda bila mtu kuongeza oili, usiwashe tena: mwaga lita 2.5 zote, angalia diaframu na nido, kisha ndipo utie oili nyingine.